Kijana mmoja, madaftari manne: shajara ya mradi wa kupunguza vifo vya unga

Jumatatu, 8 Januari 2024

Barua ya Mkurugenzi imefika leo. Kuanzia sasa mimi, afisa ustawi wa jamii, ndiye mratibu wa kikosi kazi cha wilaya cha kupunguza vifo vya watu wanaozidiwa na dawa za kulevya. Wajumbe waliotajwa wanatoka polisi, Magereza, hospitali, kituo cha methadoni (dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini), Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, usajili wa vifo na serikali za mitaa. Jina la wilaya sitaliandika humu, wala la kituo au hospitali yoyote tutakayokwaruzana nayo. Ni Dar es Salaam, inatosha.

Niandike kwanza kilichonifanya nikubali. Novemba iliyopita kijana mmoja wa maskani, kijiwe cha watumiaji, ya nyuma ya soko alikutwa alfajiri kalala kifudifudi pembeni ya mtaro. Polisi waliandika: mwili wa mwanamume umeokotwa, hauna jeraha. Hospitali iliandika: ameletwa akiwa amefariki. Mochwari iliandika: kifo cha ghafla. Kituo cha methadoni, alikokuwa amejiandikisha kisha akapotea miezi miwili, kilikuwa kimeshamwandika mtoro. Madaftari manne, na hakuna hata moja lililosema kwamba unga, yaani heroini, ndio uliomuua.

Wenzake wawili waliokuwa naye usiku ule walimsikia akikoroma kwa sauti nzito. Wakamfunika kanga, wakidhani usingizi umemkolea. Mkoromo ule ni pumzi inayopigania njia, na mtu wa aina hiyo bado anaokoleka. Nataka hadi mwisho wa mwaka huu kila anayekaa jirani na maskani aujue mlio huo.

Alhamisi, 18 Januari

Mkutano wa kwanza. Walikuja 11, na wote walitaka kuzungumzia shehena. Hilo naelewa. Mwishoni mwa Desemba Kamishna Jenerali wa Mamlaka, Aretas Lyimo, alitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, na hakuna mtu katika kazi hii ambaye hakujivunia. Nilingoja wamalize kupongezana, kisha nikauliza: mzigo kama ule ukiondolewa njiani, kwenye maskani kunatokea nini wiki inayofuata?

Wote walinyamaza isipokuwa mwelimishaji rika, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango kama mtu asiye na hakika kwamba kiti ni chake. Yeye ni miongoni mwa watu wa mwanzo walioanza methadoni Muhimbili mwaka 2011, kliniki ilipofunguliwa mwezi Februari, ya kwanza katika nchi za bara kusini mwa Sahara. Alisema: "Unga ukiadimika, muuzaji anachanganya. Kete ni ileile, ndani kuna kitu kingine. Halafu ukirudi, unarudi na nguvu zake, sisi miili imeshazoea maji. Hapo ndipo watu wanapoondoka."

Alichokisema kilishatokea Mombasa mwishoni mwa mwaka 2010, unga ulipokauka ghafla pwani ya Kenya. Watu walipigwa na arosto, maumivu ya kukosa unga, kwa maelfu, wakakimbilia vidonge na chochote kilichopatikana, na idara za afya zikajikuta zinakimbizana na tatizo lililoanzia kwenye operesheni ambazo hazikuwa na habari nazo.

Nikapendekeza jambo moja dogo: operesheni kubwa ikishatangazwa, polisi au Mamlaka wampigie simu mganga mkuu siku hiyohiyo na kusema "soko limetikisika." Afande mmoja alisema taarifa za operesheni ni siri. Nikamjibu, "Afande, hatuombi siri. Tunaomba tusisikie kwenye redio kama watu wengine." Alicheka kidogo, akaandika. Nchi za Umoja wa Ulaya zina mfumo wa tahadhari ya mapema tangu 1997, ambapo maabara, polisi na hospitali wanapeana habari dawa mpya inapoonekana. Sisi tutaanza na simu moja.

Jumatano, 31 Januari

Nimeshinda mochwari tangu saa mbili asubuhi. Naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa kazi yenyewe ni nini.

Mhudumu ni mzee aliyekaa pale miaka mingi kuliko madaktari wote wa hospitali ile. Nilimwomba anionyeshe daftari la mwaka uliopita. Nilipofungua kurasa niliona nukta ndogo za penseli pembeni ya baadhi ya majina. Nikadhani ni uchafu. Nilipoziona kwenye ukurasa wa tatu na wa nne nikamuuliza.

"Hao ni wa unga, mwanangu," akasema. "Nawajua kwa mikono, na kwa povu la puani. Hakuna aliyeniuliza, lakini niliona vibaya wapite hivihivi."

Nilitoka nje kidogo, nikasimama chini ya mwembe, kisha nikarudi.

Nukta ya penseli si ushahidi. Mtu mwenye alama za sindano anaweza kufa kwa kifua kikuu, kwa moyo, au kwa kupigwa na wananchi. Ndiyo maana hesabu ya nukta zile sitaiandika popote. Lakini nilifuatilia safari ya jina moja lenye nukta ili nione linapotelea wapi, na safari ilikuwa hivi. Mwili unaletwa na polisi. Daktari anautazama, kama hauna jeraha, jalada linaelekea kufungwa. Sampuli ya damu au mkojo inakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali pale tu polisi wanapoandika barua ya kuiomba, na polisi wanaandika barua pale wanapohisi jinai. Jinai haipo, basi barua haipo, na bila barua hakuna sampuli wala jibu. Daktari hana cha kuandika ila "kifo cha ghafla," na usajili wa vifo unapokea hayohayo. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa zipo namba maalumu za jambo hili: X42 kwa aliyejidhuru bila kukusudia kwa dawa za aina hii, T40.1 kwa heroini, T40.3 kwa methadoni. Kwenye daftari letu hazijawahi kuandikwa.

Katika mlolongo huu sikuona mzembe. Kila mmoja alifanya sehemu yake sawasawa na kanuni za ofisi yake, na kijana akapotea katikati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu kama 125,000 duniani walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni. Najiuliza wangapi hawamo kwenye hesabu hiyo kwa sababu barua haikuandikwa.

Jumanne, 13 Februari

Rasimu ya fomu ya ukurasa mmoja iko tayari. Sehemu nne: aliyeokota mwili, aliyeupokea, aliyeupima, aliyemjua marehemu. Sehemu ya nne ndiyo iliyoleta mabishano. Mjumbe mmoja anaona aibu mwelimishaji rika kutia saini kwenye waraka wa serikali. Nimesema huyo ndiye pekee anayejua kama marehemu alikuwa ametoka mahabusu juzi au ameacha dozi.

Imeahirishwa hadi wiki ijayo.

Alhamisi, 29 Februari

Sehemu ya nne imepita. Mganga mkuu aliisimamia mwenyewe.

Leo pia nilikwenda idara ya dharura ya hospitali moja kuuliza swali ambalo nilidhani jibu lake ni la dakika moja: naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidiwa na unga, iko wapi? Ipo. Iko kwenye kabati la dawa zenye udhibiti, stoo kuu, na ufunguo anao mfamasia ambaye zamu yake inaisha saa tisa na nusu alasiri. Watu wanaozidiwa wanaletwa usiku.

Sababu ya kuiweka pale ni kwamba jina lake liko kwenye ukurasa mmoja na mofini, na aliyepanga kabati zamani alidhani ni ndugu moja. Si ndugu, ni adui yake. Heroini inashika sehemu za ubongo zinazoamrisha pumzi na kuzinyamazisha. Naloksoni inaingia, inaisukuma pembeni na kukalia nafasi yake, na ndani ya dakika chache mtu anavuta pumzi. Haileweshi. Hakuna anayeweza kuiuza mtaani. Ukimchoma mtu asiye na unga mwilini haimfanyi kitu. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Lililo muhimu kwa manesi ni muda. Nguvu yake inakaa dakika 30 hadi 90 tu, na unga au methadoni inaweza kukaa zaidi ya hapo, methadoni hasa. Mtu anaamka, anakasirika kwa sababu arosto imempiga, anataka kuondoka. Akiondoka, dawa inaisha nguvu na anazama tena akiwa peke yake. Sista wa zamu aliniambia hilo limeshamtokea, na jinsi alivyolieleza nilijua bado linamuuma.

Kwa hiyo mambo mawili: vichupa vihamie kwenye trei ya dharura, na aliyeamka abembelezwe akae. Kuna la tatu, la getini. Mlinzi anamzuia anayeleta mtu asiyejitambua mpaka aonyeshe PF3, fomu ya matibabu kutoka polisi. PF3 ina kazi yake kwa aliyepigwa au aliyegongwa, lakini mtu asiyepumua hana muda wa kwenda kituoni. Barua ya kwanza nimeandika leo.

Jumapili, 10 Machi

Ramadhani inaingia keshokutwa. Waelimishaji rika walinitafuta wao wenyewe, jambo ambalo halijatokea kabla. Wanasema kila mwaka wapo mateja wanaofunga kwa kweli: wanavumilia arosto siku za mwanzo, wanaacha au wanapunguza sana mwezi mzima. Sikukuu inapofika anarudi maskani na kuchukua kete ileile ya Shaabani. Mwili wa mwezi mmoja uliopita haupo tena.

Sijawahi kuona hili kwenye mwongozo wowote. Limetoka kwao.

Jioni nilikwenda kwa sheikh wa msikiti ulio karibu na soko. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu. Alinisikiliza, akasema, "Binti yangu, mtu aliyefunga huku anatetemeka, swaumu yake naiheshimu. Nitazungumza nao kabla ya Idi, si kwa kuwatisha." Sista wa methadoni naye atawaandikisha wanaotaka kutumia mwezi huu kama mlango wa kuanzia tiba, maana mtu akishafunga siku 20 bila unga huo ni mtaji mkubwa, haufai kuachwa uyeyuke siku ya sikukuu.

Ijumaa, 12 Aprili

Idi pili, jana, kijana mmoja alizidiwa nyuma ya soko.

Mara hii walimgeuza ubavu. Mmoja alimpulizia pumzi mdomoni kama tulivyowafundisha kwenye mdoli wiki mbili zilizopita, mwingine akasimamisha bodaboda, wakambeba katikati ya watu watatu kwenye pikipiki moja. Getini mlinzi aliwapisha. Trei ilikuwa na vichupa. Sista wa zamu alimchoma pajani, akahesabu, akamchoma tena. Akakohoa.

Nilifika saa moja baadaye. Alikuwa amekaa kitandani anatetemeka na blanketi mabegani, na Sista amekaa naye anamzungumzisha habari za pilau ili asiondoke. Hakuna maji ya baridi, hakuna vibao, hakuna maziwa wala chumvi, zile dawa za maskani zinazopoteza dakika. Nimeshika mkono wake. Niliporudi nyumbani nililia, na naandika hilo kwa sababu nalo ni sehemu ya taarifa.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua haziachi. Barabara ya kwenda kituo cha methadoni imekatika mara mbili wiki hii. Dozi inanywewa kila siku mbele ya nesi. Anayekosa siku kadhaa mfululizo anapunguziwa anaporudi kwa sababu mwili umeshalegea, na akiogopa kupunguziwa anakwenda kwenye kete. Niliomba gari la wilaya liwachukue walio ng'ambo ya bonde. Limepatikana kwa siku tatu.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Mkutano umeahirishwa.

Jumatano, 22 Mei

Magereza. Nilikuwa naogopa siku hii na ikawa bora kuliko zote.

Nilianza na takwimu moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watu walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya watu wengine wa jimbo hilo. Mkuu wa gereza aliniomba nirudie namba. Nikairudia. Akasema, "Kwa hiyo sisi tunamtoa mzima, anakwenda kufia nje."

Ndivyo. Gerezani unga haupatikani kirahisi na mwili unasahau. Kumbukumbu ya kiasi alichozoea haisahau. Siku ya kutoka ana nauli ya kwenda mahali pamoja tu, na marafiki waliobaki ni wale wa maskani.

Nikawaeleza pia jimbo dogo la Rhode Island. Mwaka 2015 gavana aliunda kikosi kazi cha idara mbalimbali, na mwaka uliofuata wakaanza kutoa methadoni na dawa nyingine za tiba ndani ya magereza yao, na kumpokea mtu kwenye kliniki anapotoka. Miongoni mwa waliokuwa wametoka gerezani ndani ya mwaka mmoja, waliokufa kwa kuzidisha dawa katika nusu ya kwanza ya 2016 walikuwa 26. Kipindi kama hicho mwaka 2017 walikuwa 9. Daktari wa gereza aliandika 26 na 9 kwenye kiganja chake kwa sababu karatasi ilikuwa mbali.

Tulichokubaliana hakihitaji bajeti mpya. Gereza litampigia Sista wa methadoni siku moja kabla ya mtu anayejulikana kutumia unga kuachiwa. Mwelimishaji rika atakuwa langoni asubuhi. Kadi ya kliniki itaandikwa akiwa bado ndani. Nauli itatoka kwenye fungu la ustawi. Na misamaha ya sikukuu za kitaifa, ambapo wanatoka wengi kwa mkupuo, tutapewa orodha mapema, kwani kituo cha methadoni kinafungua hata sikukuu.

Mahabusu ya polisi ni habari nyingine. Mtu yuko kwenye methadoni, anakamatwa Ijumaa kwa kosa lolote, anakaa hadi Jumatatu bila dozi. Tumekubaliana Sista wa methadoni apeleke dozi kituoni na askari wawili wawe mashahidi. Afande wa zamu aliuliza nani atawajibika mtu akizidiwa akiwa chini ya ulinzi. Swali zuri. Mganga mkuu ametia saini yeye.

Alhamisi, 20 Juni

Polisi na hofu. Tangu Januari kila mkutano wa maskani umerudi palepale: "Tukiita msaada, tunalala ndani." Ndiyo maana wengine wanabebwa na kuachwa mbele ya duka la dawa kabla hakujapambazuka.

Jimbo la New Mexico lilitunga sheria mwaka 2007 ya kumkinga anayeita msaada mwenzake akizidiwa, na Kanada ikafanya hivyo kwa nchi nzima mwaka 2017. Mwanasheria wetu alisema kwa upole kwamba kikosi kazi cha wilaya hakitungi sheria. Kweli. Lakini OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, anaweza kuwaelekeza askari wake kuhusu nini kitangulie, na alikubali. Tangu Jumatatu maelekezo yanasomwa kwenye gwaride la asubuhi: ukifika penye mtu asiyejitambua, kwanza pumzi yake, pili usafiri, na aliyeita hageuzwi mtuhumiwa kwa kuita. Nilikwenda kusikiliza kwa masikio yangu. Yalisomwa kwa sauti na bila haraka.

Jumanne, 9 Julai

Agizo la OCD limevunjika.

Usiku wa Jumamosi vijana wawili walimleta mwenzao hospitali, akapona. Walipotoka getini askari wa kituo kimoja, ambaye alihamia wilaya hii wiki iliyopita na hakuwepo kwenye gwaride lolote, aliwapekua na kuwaweka ndani. Asubuhi habari ilikuwa imefika maskani zote.

Nilikwenda nyuma ya soko mchana. Hakuna aliyenitukana. Walinitazama tu, na mmoja akasema, "Mama, wewe ulituambia." Sina jibu la sentensi ile hadi sasa.

Jumatano, 24 Julai

Wiki mbili hakuna aliyeletwa hospitali. Kwenye taarifa ya mwezi ingeonekana kama mafanikio. Sista wa zamu na mimi tunajua si hivyo.

Vijana wale waliachiwa siku ya tatu. Leo OCD alikuja nyuma ya soko yeye mwenyewe, bila king'ora, akakaa kwenye kreti la soda. Alisema yule askari alikosea, na kwamba kosa la askari wake ni lake. Akawapa namba ya simu ya mezani ya chumba cha zamu. Mzee mmoja wa maskani, mwenye mkono uliovimba, alimwuliza: "Afande, ukihama wewe?" OCD akafikiri, akasema maelekezo yale atayaandika kwenye kitabu cha makabidhiano ili anayekuja ayakute. Nimeyaona yameandikwa.

Jumamosi, 31 Agosti

Siku ya kimataifa ya kuwakumbuka waliokufa kwa kuzidisha dawa. Ilianzia Melbourne mwaka 2001, na fulana zake huwa za zambarau. Sisi hatukuchapisha fulana. Tulitandika mikeka uani kwa mwenyekiti wa mtaa na kuwaita akina mama waliofiwa.

Walikuja kwa woga, baadhi wamejifunika hadi machoni. Mmoja alisema mtaani alisema mwanawe kafa kwa malaria, na imamu alimswalia kwa malaria, na leo ndiyo mara ya kwanza analitaja lenyewe. Wengine wakaanza kusema yao.

Mama wa kijana wa Novemba alikuwepo. Alinivuta pembeni akanionyesha cheti cha kifo kilichokunjwa mara nne. "Hapa pameandikwa nini?" Nikamsomea: kifo cha ghafla. "Ghafla," akasema. "Miaka sita nimemwuguza." Ameomba nikitazame kama kinaweza kurekebishwa. Nimeahidi kuuliza, sikuahidi zaidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mjadala mkali kuliko yote ya mwaka: waelimishaji rika wabebe naloksoni au la.

Hoja yangu ni rahisi. Aliyezidiwa anakufa alipo, na aliyepo naye ni mwenzake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu 2014 kwamba yeyote anayeweza kushuhudia mtu akizidiwa apewe dawa hii na mafunzo. Skotilandi ina mpango wa taifa wa kuigawa tangu 2011. Katika mradi wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Kazakistani, Kirigizistani, Tajikistani na Ukraini, zaidi ya watu 14,000 walifundishwa, na takriban asilimia 90 ya walioshuhudia mtu akizidiwa waliitumia.

Hoja ya upande wa pili siidharau. Vichupa tulivyonavyo ni vya sindano. Daktari mmoja alisema, "Unampa sindano mtu unayemwomba aache sindano." Dawa ya kupulizia puani ingemaliza ubishi huu, lakini bei yake haiko mikononi mwa wilaya. Mwelimishaji wa Muhimbili, yule wa kiti cha mlangoni, sasa anakaa katikati ya meza. Alisema: "Daktari, sindano naijua kuliko wewe. Nipe moja ya kumrudisha mtu."

Barua ya kuomba kibali imekwenda wizarani. Wakati tunangoja, tumeongeza mafunzo ya kupulizia pumzi, ambayo hayahitaji kibali cha mtu.

Ijumaa, 29 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa juzi. Mwenyekiti wa mtaa aliyetupa ua wake Agosti hakurudi. Mpya anataka maskani ivunjwe. Nimemwomba nafasi Jumatatu.

Jumanne, 3 Desemba

Nilikwenda naye nyuma ya soko. Nilimwacha azungumze na Mzee wa mkono uliovimba, ambaye alimfahamu baba yake. Maskani haivunjwi kwa sasa.

Alhamisi, 19 Desemba

Hali ilivyo, kabla ya likizo.

Fomu ya ukurasa mmoja inajazwa kwa kila mwili ulioletwa bila jeraha. Miwili ya mwisho ilipelekwa sampuli kwa Mkemia Mkuu bila kungoja shaka ya jinai, kwa barua ambayo OCD na mganga mkuu walitia saini pamoja. Majibu bado. Simu ya "soko limetikisika" imepigwa mara moja tu. Ilichelewa kwa siku tatu, lakini ilipigwa. Barua ya wizarani haijajibiwa.

Mzee wa mochwari anastaafu mwezi huu. Alinionyesha daftari. Nukta za penseli zimekoma mwezi Machi, kuanzia hapo kuna safu mpya iliyopigwa mstari kwa rula, na ndani yake neno moja kati ya mawili, kwa wino: "yashukiwa" au "imethibitishwa." Amemfundisha kijana anayempokea jinsi ya kuijaza, na jinsi ya kuzungumza na mama anayekuja kumtambua mtoto wake.

Cheti cha mama yule hakirekebishiki. Sampuli haikuchukuliwa, na bila sampuli hakuna daktari atakayebadili alichoandika. Hata mimi nisingemwomba afanye hivyo. Nilikwenda kumwambia nyumbani kwake. Alinikaribisha chai. Alisema wiki iliyopita alimkuta mtoto wa jirani anakoroma kwenye baraza lake, akamgeuza ubavu na kupiga simu ile ya chumba cha zamu.

Kesho saa moja asubuhi wanatoka wawili gerezani. Kadi zao zimeandikwa, nauli nimeiacha kwa Sista wa methadoni kwenye bahasha ya kaki. Mwelimishaji ameniambia atalala kwa dada yake Ukonga ili asichelewe lango.